Mhadhiri anataka msimbo wetu: tumpe nini, tumdai nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msanidi programu katika taasisi ya utafiti wa kilimo huku kaskazini mwa Tanzania. Tuko watatu tu, na tunatunza programu inayokadiria mavuno ya mahindi kutokana na mvua, joto na aina ya udongo. Sehemu yake ya ndani iliandikwa kwa Fortran, lugha kongwe ya kompyuta, kabla sijaanza shule. Sisi tumeizungushia lugha mpya zaidi, Python. Mhadhiri wa uhandisi wa programu kutoka chuo kikuu ametuandikia akiomba msimbo wote (maandishi ya programu yenyewe) pamoja na historia yake ya Git, yaani kumbukumbu ya kila badiliko na aliyelifanya, na ruhusa ya kutuhoji. Mkuu wetu hataki. Anasema watu hao huja, huchukua, huandika makala zao na kuondoka, sisi tukabaki na hitilafu zetu zile zile. Mimi nahisi tungefaidika, ila nashindwa kumweleza mkuu faida yenyewe ni ipi. Tumkubali? Na tukimkubali, tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba. Mkubalini, lakini msianze kwa kumpa alichoomba. Msimbo na mahojiano vinamtosha yeye kuandika makala, ninyi havitawaachia kitu. Mpeni tatizo moja linalowasumbua kweli, kisha mwambieni aje akae nanyi mlihangaikie pamoja. Ushirikiano wa aina hii ulioleta tija, kwa ninaoufahamu, ulianza hivyo.

Mkuu wenu ana sababu ya kuwa na wasiwasi, na tena anaweza kutaja mfano mbaya kuliko wa kuchukua na kuondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwahi kuwatumia watunzaji wa kiini cha Linux, mfumo endeshi huria, marekebisho yenye kasoro za makusudi, ili waone kama yatagunduliwa. Hakuna aliyewauliza watunzaji hao kama wanakubali kuchunguzwa. Kamati ya maadili ya chuo ilikuwa imeamua kwamba huo si utafiti unaohusu binadamu, kana kwamba marekebisho hayo yalikuwa yanasomwa na mashine. Mambo yalipolipuka Aprili 2021, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa Linux, alitangaza kuwa hatapokea tena michango kutoka chuo hicho, na makala iliyokuwa imeshakubaliwa na mkutano mkubwa wa usalama wa kompyuta ikaondolewa na waandishi wenyewe. Kwa hiyo mkuu akisema "hawa wanatuona panya wa maabara", msimcheke.

Ila mara nyingi tatizo si nia mbaya. Pande hizi mbili zimekua bila kujuana. Uhandisi wa programu ulipata jina lake kwenye mkutano uliodhaminiwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, na tangu hapo wasomi wake wametazama zaidi kampuni zinazouza programu, mabenki, simu na mifumo ya serikali. Wanasayansi nao waliendelea kujiandikia programu zao pembeni, wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2007 Diane Kelly, mtafiti wa Kanada, aliandika katika jarida la IEEE Software kuhusu bonde lililo kati ya pande hizo mbili. Mwaka 2014 watafiti 417 wa vyuo vikuu 15 vya Uingereza waliulizwa kuhusu programu: asilimia 69 walisema utafiti wao usingewezekana kivitendo bila programu, zaidi ya nusu walikuwa wanaandika programu zao wenyewe, na kati ya hao wanaoandika, mmoja katika watano hakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Hata cheo cha mhandisi wa programu za utafiti, ambacho leo vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vinakiajiria watu, kilibuniwa juzi juzi tu, kwenye warsha iliyofanyika Oxford mwaka 2012. Wewe unafanya kazi hiyo hiyo, hata kama barua yako ya ajira inakuita ofisa TEHAMA.

Sasa mhadhiri wenu anakuja na mazoea ya upande wake. Amezoea kwamba kuna mteja anayejua anachotaka, mahitaji yanaandikwa, programu inajengwa, inapimwa dhidi ya mahitaji hayo. Kwenu mambo yako kinyume: mnaandika programu ili mjue swali lenyewe likoje. Mtaalamu wa mazao anabadilisha kipimo cha unyevu wa udongo, anaendesha, anakunja uso, anabadilisha tena. Asiyeuona mzunguko huo kwa macho yake atahitimisha kwamba hamna nidhamu.

Aliyekwenda kuuona ni Steve Easterbrook, profesa wa uhandisi wa programu wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2008 alihamia kwa wiki kadhaa kwenye Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, mjini Exeter, wanakotengeneza modeli ya tabianchi yenye mamia ya maelfu ya mistari ya Fortran. Alikaa nao maofisini na kwenye vikao vyao, akawatazama wanavyobadilisha msimbo. Alichokikuta hakimo katika vitabu vingi vya fani yake. Kila badiliko linachukuliwa kama jaribio la kisayansi: unaendesha modeli ya zamani na mpya, unalinganisha, kisha unaeleza kwa hoja za fizikia kwa nini matokeo yametofautiana. Na badiliko ambalo halikukusudiwa kugusa sayansi, mathalani kupanga upya msimbo ili uende haraka, lazima lirudishe matokeo yale yale hadi biti ya mwisho. Wanaoandika ndio hao hao wanaotumia, kwa hiyo kosa linaumiza mkono wa aliyelifanya. Baadaye yeye na mwanafunzi wake walipohesabu kasoro zilizoripotiwa katika modeli kadhaa za tabianchi, walikuta ni chache kwa ukubwa wa programu zikilinganishwa na programu huria zinazosifika, ingawa wenyewe walionya kwamba idadi hiyo isisomwe kirahisi.

Kama angebaki Toronto akachambua mafaili tu, nusu ya hayo asingeyaona. Na ninyi fikirieni historia yenu ya Git. Naweza kubahatisha ilivyo: kwa miaka mingi programu iliishi kwenye folda zenye majina kama "mwisho", "mwisho_kweli" na "mwisho_kweli_2", ikatumwa kwa barua pepe na kubebwa kwenye flashi, hadi siku moja mtu akaimwaga yote Git kwa mkupuo. Ukiisoma historia hiyo kwa mashine utaambiwa kwamba Fortran yote iliandikwa alasiri moja na mtu mmoja, ambaye bila shaka ni wewe. Mhadhiri asiyekaa nanyi atachora grafu nzuri ya jambo ambalo halikutokea.

Basi tatizo gani mumpe? Kama ningekuwa mimi, ningempa swali ambalo kila mwenye programu ya utafiti analo na hapendi kuulizwa: tunajuaje kwamba majibu ya programu yetu ni sahihi? Programu ya mishahara ina jibu linalojulikana. Ukikosea, wafanyakazi watakwambia kabla ya saa nne asubuhi. Programu ya kukadiria mavuno ya msimu ujao haina jibu la kulinganisha nalo, maana kama jibu lingekuwepo msingehitaji programu. Elaine Weyuker, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, aliliandikia tatizo hili mwaka 1982, na tangu hapo wasomi wa uhandisi wa programu wamelifanyia kazi kubwa ambayo watu wa maabara wengi hawajapata hata kuisikia. Hapa ndipo mhadhiri ana kitu mkononi ambacho ninyi hamna.

Anzeni na kipande kidogo. Programu yenu lazima ina mahali inapokokotoa maji yanayopotea kutoka ardhini na kwenye mimea. Karibu kila mtu hutumia fomula ya Penman-Monteith kama ilivyowekwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika chapisho namba 56 la mwaka 1998, na uzuri wa chapisho hilo ni kwamba lina mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua. Mmojawapo ni wa Uccle, karibu na Brussels, tarehe 6 Julai: jibu ni milimita 3.9 kwa siku. Ingizeni takwimu zile zile kwenye Fortran yenu. Ikitoa 3.9, vizuri. Ikitoa nyingine, kagueni kwanza upepo. Vituo vya hali ya hewa kwa kawaida hupima upepo juu ya nguzo ya mita 10, na fomula inataka upepo wa mita 2 kutoka ardhini. Katika mfano huo wa Uccle, kilomita 10 kwa saa zilizopimwa juu, ambazo ni kama mita 2.78 kwa sekunde, zinashuka hadi 2.08 kabla ya kuingia kwenye fomula. Asiyepunguza hapati ujumbe wowote wa kosa. Programu inaendelea, namba inatoka, inaonekana ya kawaida, na mahindi ya kwenye kompyuta yanakauka mapema kuliko ya shambani.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi, yenye jibu kitabuni. Kwa mavuno yenyewe hakuna kitabu. Njia ambayo T. Y. Chen, mtafiti wa upimaji wa programu, na wenzake waliipendekeza mwaka 1998 ni kuacha kuuliza "jibu ni ngapi?" na kuuliza "nikibadilisha hiki, jibu linapaswa kubadilikaje?" Kwa mfano, mkiorodhesha vituo vya mvua kwa mpangilio mwingine, jumla ya mavuno ya mkoa haipaswi kutikisika. Mkigawa shamba moja la hekta 10 kuwa mashamba mawili ya hekta 5 yenye udongo na mvua ile ile, jumla ya magunia ibaki pale pale. Mkiandika eneo kwa ekari badala ya hekta na kuiambia programu hivyo, vivyo hivyo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kujua mavuno halisi, na kila moja linaweza kuandikwa kama jaribio linalojiendesha kila mnapobadilisha msimbo.

Kisha mnafika kwenye yale yenye utamu: mvua ikiongezeka katika eneo kavu, mavuno yasipungue. Sawa? Msanidi atasema sawa. Mhadhiri ataandika. Mtaalamu wa mazao, kama mmemwita, atasema hapana, inategemea imeongezeka lini. Mvua nyingi wakati wa kuvuna huozesha, na udongo mzito ukijaa maji mizizi hukosa hewa. Basi kanuni inarekebishwa: mvua ikiongezeka kuanzia kupanda hadi kubeba, kwenye udongo unaopitisha maji, mavuno yasipungue. Mazungumzo hayo ya nusu saa yanawapa jaribio moja, na pia yanaandika chini elimu ambayo hadi jana ilikuwa kichwani mwa mtu anayekaribia kustaafu. Msiwaache wawili wafanye kazi hii bila wa tatu. Msanidi na mhadhiri wakiwa peke yao watatunga kanuni safi zisizohusiana na shamba lolote.

Mkuu akiuliza hatari iko wapi, mwelezeni yaliyowapata wanakemia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba programu ndogo za Python, zilizochapishwa mwaka 2014 pamoja na maelekezo ya kutambua maumbo ya molekuli, zilitoa majibu tofauti kutegemea kompyuta inatumia mfumo endeshi gani. Fomula ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba programu iliomba orodha ya mafaili bila kuyapanga, ikidhani yatakuja kwa mpangilio mmoja, wakati kila mfumo huyaleta unavyopenda. Vipimo vya faili moja vikaoanishwa na vya faili jingine. Makala zaidi ya 100 zilikuwa zimetumia programu hizo, na ikabidi zitazamwe upya. Dawa yake ni neno moja tu, sorted ("iliyopangwa"), kwenye mstari mmoja. Na lile jaribio la kubadilisha mpangilio wa vituo, lile linaloonekana la kitoto, ndilo lingeikamata. Leo hii fungueni Python yenu mtafute kila mahali palipoandikwa glob au listdir, amri za kuomba orodha ya mafaili.

Mjadala wa pili uwe wa malipo, na sisemi fedha. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala. Ninyi mnapimwa kwa programu inayofanya kazi msimu ukifika. Msipolisema hilo mapema litawagombanisha. Makala ya kitaaluma inaweza kukaa mwaka mzima kwa wahakiki, na mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili anataka kumaliza kabla mkataba wa chumba haujaisha. Ninyi mna vuli na masika. Mwaka wowote atakaotaka kuanza Februari, mwambieni asubiri Juni. Kuhusu majina, aliyebuni au kuandika sehemu ya kazi aandikwe kama mwandishi, si kushukuriwa kwa mstari mdogo mwishoni, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla matokeo hayajapatikana, maana baada ya hapo kila mtu hukumbuka mchango wake kwa ukarimu. Programu yenyewe nayo iwe na jina la kunukuliwa: wekeni faili la CITATION.cff, ambalo GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, imekuwa ikilisoma na kulionyesha tangu 2021. Na kama leseni yenu inaruhusu, lipo Journal of Open Source Software, lililoanza 2016, linalohakiki programu za utafiti hadharani na kuzipa makala fupi. Msanidi asiye na shahada ya uzamivu anaweza kuchapisha humo kwa kazi yake halisi.

Mfano wa karibu na nyumbani upo, ingawa wahusika wake ni wasomi wa mifumo ya habari, binamu wa hawa wa uhandisi wa programu. DHIS2, mfumo ambao hospitali na zahanati zetu huripotia takwimu, ulitokana na HISP, mradi wa mifumo ya taarifa za afya ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 na kulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo. Wanafunzi wa uzamivu, wakiwemo Watanzania na watu wa Msumbiji, walikaa kwenye ofisi za afya za wilaya, wakijenga mfumo huku wakiuandikia tasnifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wa miaka mingi. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Una kasoro zake, muulizeni muuguzi yeyote aliyejaza fomu usiku wa tarehe ya mwisho. Lakini utafiti na programu vililishana kwa muda mrefu kwa sababu mtafiti alikuwa na dawati pale pale kazi ilipofanyika.

Kabla ya kumfungulia mlango, yapo ya kufanya ndani ya nyumba. Nenosiri la hifadhidata lililofutwa kwenye faili la leo bado limo kwenye historia ya Git, na atakayepewa historia amepewa nenosiri. Libadilisheni kwanza. Kama humo mna majina, namba za simu au mahali mashamba ya wakulima yalipo, hayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ridhaa yenu si ridhaa ya mkulima. Jambo ambalo watu husahau ni ninyi wenyewe. Historia ya Git inaonyesha nani alihifadhi kazi saa nane usiku, nani hurekebisha makosa ya nani, nani hakuandika chochote mwezi wa Ramadhani au wiki ya msiba. Kubalianeni kwa maandishi kwamba hakuna msanidi atakayepimwa mmoja mmoja, na kwamba mkuu hatatumia data ya utafiti huo kwenye tathmini ya wafanyakazi. Mkuu asaini hilo pia. Naona hata yeye atatulia akijua kuna karatasi.

Ukiniuliza umjibu vipi, mwandikie hivi, ukibadilisha unavyoona: "Ndugu Mhadhiri, tumepokea ombi lako na tungependa kufanya kazi nawe. Tungependa kuanza na swali moja: namna ya kuijaribu sehemu ya mavuno ya programu yetu ambayo haina majibu ya kulinganisha nayo. Tunakukaribisha wewe au mwanafunzi wako kukaa ofisini kwetu wiki mbili mwezi Juni, pamoja na mtaalamu wetu wa mazao. Majaribio yatakayoandikwa yabaki ndani ya programu yetu, na waliochangia wote watakuwa waandishi wa makala. Tafadhali uje na kibali cha utafiti na idhini ya kamati ya maadili. Kuhusu historia ya Git na mahojiano, tutazungumza baada ya wiki hizo mbili." Kabla hujatuma, mpe mkuu aisome. Sentensi ya wiki mbili ndiyo atakayoibishia, maana atauliza huyo mtu atakaa wapi na nani atamhudumia. Mwambie anahitaji meza moja, nenosiri la Wi-Fi ya wageni, na saa moja ya kwako kila asubuhi.